Kozi Fupi ya Utafutaji Mtandaoni na Uandaaji wa Slaidi: Nusu Moja Inastahili Ada, Nyingine Bado

Kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta kilichopo Mwenge, Dar es Salaam, kinaendesha kozi fupi ya jioni kwa wanafunzi wa vyuo, hasa wale wa mwaka wa mwisho ambao karibuni watasimama mbele ya wahadhiri kuwasilisha matokeo ya utafiti wao. Kozi hiyo ina sehemu mbili, yaani kutafuta taarifa mtandaoni na kuandaa wasilisho. Nilijiandikisha kwa ajili ya sehemu ya pili, kama walivyofanya wenzangu wengi darasani, lakini iliyorudisha thamani ya ada yangu ni ile ya kwanza.

Mwezeshaji wa sehemu ya utafutaji hakupoteza muda kwa nadharia. Alitutaka tutafute idadi ya watu wa Tanzania kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 na kuonyesha tulikoipata. Karibu darasa zima lilimletea jibu la “zaidi ya milioni 60”, lililochotwa kwenye kurasa za habari ambazo baadhi zilikuwa zimenakiliana neno kwa neno. Ndipo alipotuonyesha namna ya kuifunga Google ndani ya tovuti moja: unaandika maneno unayoyatafuta, kisha site:nbs.go.tz bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili, na ukitaka ripoti kamili badala ya tangazo unaongeza filetype:pdf. Kwa njia hiyo tulizifikia nyaraka za Ofisi ya Taifa ya Takwimu zenyewe, ambamo idadi ni watu 61,741,120, na ile ya Sensa ya mwaka 2012 ni watu 44,928,923. Tofauti ya jibu la kwanza na la pili haikuwa katika tarakimu tu, kwani jibu la pili lina mwenyewe anayeweza kuulizwa.

Baada ya hapo tulihamia Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo wanafunzi wengi huifungua, wakasoma ikisiri, wakakutana na ukurasa unaodai malipo kwa dola, wakaifunga. Tulielekezwa kubofya kiungo cha matoleo mengine kilicho chini ya makala nyingi, kwa kuwa mara nyingi nakala ya bure huwa imehifadhiwa kwenye hazina ya chuo cha mwandishi, na kutumia kiungo kinachoorodhesha kazi zilizoirejelea makala hiyo ili kuufuata mjadala kutoka makala ya zamani hadi ya sasa. Kwa majarida ya Kiafrika tulipelekwa African Journals Online, inayoendeshwa kutoka Afrika Kusini, ambako makala nyingi za wanazuoni wa Tanzania, Kenya na Uganda zinasomeka bila malipo.

Kipindi nilichokifurahia kuliko vyote kilihusu kuhakiki tovuti usiyoijua. Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa taarifa wa vyombo vya habari, wakabaini kwamba wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa wakihadaiwa na nembo na mwonekano wake, ilhali wahakiki walitoka mapema na kufungua kurasa nyingine ili kujua wengine wanasema nini kuhusu wamiliki wa tovuti hiyo. Tulilifanyia zoezi jambo hilo hadi likawa mazoea. Vivyo hivyo kwa marejeleo yanayotolewa na programu za akili mnemba: kila rejeleo lenye namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, tuliliingiza kwenye doi.org, na mengine yakatua kwenye makala zisizohusiana kabisa na mada, au yasitue popote. Mwanafunzi anayeandika tasnifu leo akilikosa somo hilo moja, atakuja kuumbuliwa na msimamizi wake.

Sehemu ya slaidi ilianza vizuri, kisha ikapwaya. Mwezeshaji wake, ambaye si yule wa kwanza, alituagiza tuzigeuze takwimu zile za sensa kuwa slaidi moja. Mwenzangu mmoja aliandaa chati ya nguzo mbili iliyopendeza kweli, lakini mhimili wake ulianzia milioni 40 badala ya sifuri, hivyo nguzo ya mwaka 2022 ikaonekana ndefu zaidi ya mara nne ya ile ya 2012, wakati ongezeko halisi ni la asilimia 37 hivi. Programu ndiyo iliyoupanga mhimili namna hiyo, wala si yeye. Mwezeshaji alimrekebisha kwa upole, akamwonyesha mahali pa kurudisha sifuri, na akamshauri aondoe kichwa kisemacho “Idadi ya Watu” na kuandika sentensi kamili: “Watu wameongezeka kwa takriban milioni 17 kati ya sensa mbili.” Anayesoma kichwa hicho anajua mara moja aangalie nini kwenye chati. Laiti kozi nzima ingefundishwa kwa kiwango cha saa ile.

Vipindi vilivyofuata viligeuka kuwa maonyesho ya violezo vya mtandaoni. Tulichagua, tukabadilisha rangi, tukaweka picha, na intaneti ya kituo ilipozidiwa tukakaa kusubiri, wawili wawili kwa kila kompyuta. Slaidi kuu, yaani ile inayopanga fonti, rangi na nafasi za slaidi zote kwa mara moja, iligusiwa siku ya mwisho watu wakiwa wameshaanza kufunga mabegi, ingawa ndiyo inayookoa saa nzima za kurekebisha ukurasa mmoja mmoja. Juu ya leseni za picha hatukuambiwa lolote, wala hatukutajiwa Wikimedia Commons, ambako picha huambatana na masharti ya matumizi yaliyoandikwa wazi.

Kasoro iliyoniudhi zaidi ni ya vifaa. Tuliandaa slaidi za umbo pana la 16:9, tukaja kuzionyesha kwenye projekta ya zamani yenye umbo la 4:3, zikatokea zimebanwa katikati huku juu na chini kukiwa na mikanda myeusi, na maandishi madogo yasisomeke kutoka viti vya nyuma. Waliokuja na kazi kwenye flashi walikuta fonti zimebadilika na mistari imesukumana, kwa sababu kompyuta ya kituo haikuwa na fonti walizotumia nyumbani. Tiba yake ni nyepesi, ama kuhifadhi nakala ya PDF au kuzipachika fonti ndani ya faili, na kituo kinachotoza watu ada kwa ajili ya somo hili kilipaswa kuisema mapema. Kumbi nyingi za vyuo vyetu zina projekta za aina hiyohiyo.

Kwa upande wa huduma, masomo hutolewa kwa Kiswahili japo vitini ni vya Kiingereza, maswali hujibiwa bila dharau, na saa za jioni zinamfaa mwenye vipindi vya mchana. Ada hulipwa kwa awamu mbili. Anayejiandaa kuandika tasnifu ningemshauri alipe bila kusita awamu ya kwanza, inayogharimia sehemu ya utafutaji. Kabla ya kulipa ya pili, aulize kwanza kama slaidi kuu imepangiwa kipindi chake, na aombe kuiona projekta ikiwashwa.