Changuu na fungu la Nakupenda: uliza maji kabla ya kuuliza bei

Katika mwaka mmoja nimekwenda kisiwa cha Changuu, karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, mara mbili pamoja na familia yangu, tukipandia boti ufukweni karibu na Forodhani, na ingawa kisiwa kilikuwa kilekile na fungu lilelile, safari hizo mbili hazikufanana hata kidogo. Kilichozitofautisha ni mwezi wa angani.

Nakupenda ni fungu la mchanga mtupu, lisilo na mti wala choo, ambalo huibuka maji yanapokupwa na kumezwa yanapojaa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Unguja hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo anayeondoka mjini saa mbili au saa tatu hulikuta fungu limetandaa na watoto hukimbia hadi wachoke wenyewe. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: saa nne hiyohiyo ndipo maji yanapojaa, na hata yakipwa alasiri hayapwi sana. Safari yetu ya kwanza iliangukia siku hizo, na mwenye boti, ambaye hawezi kuwa hakujua, alipokea malipo bila kutuambia neno. Tulisimama juu ya kipande cha mchanga chenye ukubwa wa sebule pamoja na abiria wa boti nyingine, vikapu vikiwa mabegani, mpaka maji yakatufika magotini. Hiyo ndiyo lawama yangu kubwa kwa huduma hii, kwani nahodha ayajuaye maji anapaswa kumweleza mteja kabla hajatoa fedha.

Safari ya pili tulimtafuta nahodha mwingine, mzee mmoja aliyeanza kwa kutuuliza tunataka kwenda tarehe ngapi, kisha akatupangia fungu kwanza na kisiwa baadaye. Tulikaa mchangani zaidi ya saa mbili. Changu na ngisi walichomwa palepale juu ya makaa, wakakamuliwa ndimu, na embe zilizofuata zilikuwa baridi bado kutoka kwenye sanduku la barafu. Kivuli ni cha turubai tu, basi mwenye watoto wadogo asisahau kofia na kanga za kuwafunika.

Changuu yenyewe ni ndogo, urefu wake ukiwa kama mita 800, lakini haifai kupitiwa mbio. Kobe wake wakubwa wana asili ya Shelisheli, na gavana Mwingereza wa huko alituma wanne kama zawadi mwaka 1919. Wakazaana hadi kufika kiasi cha 200 katika miaka ya 1950, kisha wizi ukawapunguza mno, hata ilipofika mwaka 1996 wakabaki saba tu. Leo wanalindwa ndani ya uzio, wadogo wakitengwa na wakubwa, na umri wa baadhi yao umeandikwa kwa rangi juu ya gamba. Binti yangu alimkuna mmoja chini ya kidevu, naye akanyoosha shingo yake yenye makunyanzi taratibu mpaka ikasimama wima, akatulia hivyo kwa muda mrefu, jani la mchicha likining'inia mdomoni. Nilisikitika kumwona mgeni mzima akijaribu kumkalia kobe wa jirani, na nilifurahi mtunzaji alipomzuia bila kusita.

Gereza la zamani lililopo kisiwani linahitaji mwelezaji mzuri kuliko tuliyempata. Lilijengwa kwa amri ya Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, baada ya kisiwa kununuliwa mwaka 1893, lakini halikupata kufunga wahalifu. Mahali hapa paligeuzwa kuwa karantini ya abiria wa meli walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Kabla ya hapo watumwa waliohesabiwa kuwa wakaidi walizuiliwa kisiwani, na habari hiyo, iliyo nzito kuliko zote, tulielezwa kwa sentensi moja huku tukihimizwa kupiga picha.

Kuogelea kwa miwani pembeni mwa kisiwa kunapendeza, mradi uvae viatu, maana urumba, wale wanyama wa baharini wenye miiba, wapo.

Malipo yetu yalikuwa ya boti nzima, kwa hiyo watu wanane wakigawana hulipa nafuu kuliko wawili. Kiingilio cha kisiwa kililipwa mbali. Tumekwisha kumwomba mzee yule atuwekee tarehe 15 ya mwezi mwandamo ujao, saa mbili unusu asubuhi.