Vitabu Nilivyomsomea Mama Mkwe, na Viwili Vilivyonishinda

Siku hizi vitabu vingi navisoma kwa sauti. Mama mkwe wangu macho yamepungua nguvu, televisheni inamchosha, na tangu ahamie kwetu hapa Dodoma mjini kutoka Chamwino, kumsomea jioni ni kazi yangu. Kwa hiyo maoni yangu yapokeeni hivyo. Sipimi dhamira wala matumizi ya lugha kama tulivyokaririshwa sekondari kwa ajili ya mtihani. Napima kama watu wa humo ndani wanaongea kweli. Mama akiona hawaongei, husema "haya mwanangu, tukalale", na hapo najua kitabu kimefeli.

Kinachoongoza mpaka sasa ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, cha mwaka 1999. Ni Zanzibar ya wakati wa Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza aliye sawa na baba yake, anatoroka, ndugu zake wanamkana, na anayempokea ni Mwajuma. Huyu Mwajuma hana kitu, ana chumba na mdomo tu. Akifungua huo mdomo, msomaji hahitaji kuongeza chochote, sauti inakuja yenyewe. Mama alimpenda kuliko Yasmin. Kila Yasmin alipokuwa akisitasita aliniambia, "Hebu twende kwa yule mwenzake." Kasoro yangu iko kwa Denge, mpigania uhuru aliyesoma Urusi. Akiwa anakimbizana na makachero wa mkoloni ni mtamu, lakini akianza siasa, hata sauti yangu inageuka ya mkutano wa hadhara. Kurasa hizo nilizikimbiza, na mama hakulalamika.

Peponi nilikwenda nacho kwa wasiwasi. Abdulrazak Gurnah alikiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, nami nilikisoma hivyo baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, nikakiheshimu bila kukipenda. Tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitoka mwaka 2022, na kwangu hiyo ndiyo ya kununua. Kisa ni cha Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anayechukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake. Yeye anadhani anakwenda kutembea na ndugu wa familia. Dukani anamkuta Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa rehani, na ndiye anayemfungua macho: huyu si ndugu yako, huyu ni bwana wako. Kwa Kiingereza nilielewa walichosema. Kwa Kiswahili niliwasikia: utani wa Khalil na wateja, vitisho vya mnyapara wa msafara, wapagazi wakinong'ona usiku. Ni kama maneno yalikuwa yamekwenda safari ndefu, sasa yamerudi nyumbani kwao. Zipo aya zinazotaka pumzi mbili kuzimaliza, na wiki ya kwanza mama alisinzia. Msafara ulipoanza kuingia bara hakusinzia tena.

Alichotaka kujua ni kama hao watu walipita kwetu. Nikamjibu kwamba riwaya ni ya enzi ya Mjerumani, misafara ikiwa imeshafika ukingoni. Lakini karne ya kumi na tisa njia kuu ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, na hapa hakuna aliyepita bure. Watemi walidai hongo, yaani ushuru wa njia, ya nguo na shanga ndipo msafara uruhusiwe kupita na kuchota maji, na anayeijua Dodoma mwezi wa kumi ataelewa kwa nini maji yalikuwa na nguvu hiyo. Mama alifurahi mno kusikia kwamba Waarabu na Wazungu wote walilipa. Nadhani hicho ndicho alichobaki nacho katika Peponi nzima, na sioni ubaya.

Hapo ndipo tulipoingia kwa mshairi Mathias Mnyampala, na hapo ndipo mimi mwenyewe nimekaa muda mrefu zaidi. Mnyampala ni mtu wa hapahapa. Alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, wakati njaa kubwa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya inaanza, akafariki mwaka 1969. Leo pale Ihumwa panapita treni ya SGR na magari ya wakubwa wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, na sijui wangapi kati yao wanalijua jina lake. Kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954. Nimekisoma kwenye fotokopi, kwa sababu nakala yenyewe haipatikani kirahisi, jambo ambalo kwa mji unaojiita makao makuu linanikera.

Si kitabu chepesi. Kurasa nyingi ni koo na asili zake: hawa walitoka Uhehe, wale Unyamwezi, wengine Ukaguru. Peke yangu ningekiacha. Kusoma mbele ya Mgogo wa miaka themanini na kitu ni habari nyingine kabisa. Mama alikuwa akinisimamisha kila aya. Huyu anamjua mjukuu wake, yule ukoo wake hawali nyama fulani, hapa mwandishi kafupisha mno, pale kasema sawasawa. Jioni moja hatukumaliza hata ukurasa. Kilichonivutia ni kwamba Mnyampala, ambaye aliwahi kuwa hakimu, anawaonyesha Wagogo kama watu waliokusanyika kutoka pande nyingi wakawa wamoja, wala hahangaiki kuwatafutia babu mmoja wa kujivunia. Mimi niliyeolewa huku nikitokea mkoa mwingine nilipumua.

Ngonjera zake, zile za UKUTA, chama cha Kiswahili na ushairi, zilizotoka mwaka 1970 na 1971, ukizisoma peke yako kimya zinachosha kweli. Mmoja hajui, mwingine anajua, mwisho asiyejua anakubali. Mawaidha ya Ujamaa mwanzo mwisho. Nikampa mwanangu wa darasa la tano upande wa mbishi, mimi nikachukua upande wa mwenye hekima, na ghafla zikawa na maisha. Mtoto alibisha kwa moyo wote hata sehemu ambayo beti zinamtaka akubali. Tusizihukumu kwa macho basi, ziliandikwa kwa ajili ya midomo miwili.

Sasa hivyo viwili. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, hakikunishinda kwa ubaya. Kilinishinda kwa adabu. Kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, na kuna kurasa humo ambazo mkwe hawezi kumsomea mama wa mume wake, hata akilipwa. Nilikisoma chumbani kimyakimya. Tulipokuwa wanafunzi jibu la mtihani lilikuwa malezi makali ya Zakaria, ukaandika hivyo ukapata alama zako. Safari hii aliyeniumiza ni Regina, mama yake Rosa, anayepigwa na mlevi yule na bado anahangaikia nyumba iliyojaa mabinti. Hatukuwahi kuulizwa swali hata moja juu yake.

Nagona, cha Kezilahabi huyohuyo, cha mwaka 1990, ndicho kilichonishinda hasa. Ni chembamba, nikadhani kitatuchukua jioni chache. Njia, ukimya, sauti zisizo na wenyewe. Wasomi wanakisifu na huenda wana haki, ila mama aliuliza "nani anaongea?" mara ya kwanza, ya pili, halafu akaniaga. Nami sikuwa na jibu.

Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, simsomei mtu, huyo ni wa safari. Kwa SGR ya kwenda Dar anakutosha kabisa, ila ukifika Morogoro usiache kutazama milima kwa ajili ya bastola zake. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Shakespeare, ile aliyoitoa mwaka 1963 kisha akaisahihisha ikawa Juliasi Kaizari mwaka 1969, inasomeka vizuri kwa sauti, ila kila mhusika namsikia Mwalimu mwenyewe akihutubia. Mama hilo ndilo lililompendeza, ametaka turudie.

Ombi langu kwa wachapishaji wote, simtaji mmoja: herufi ziwe kubwa kidogo na gundi iwe gundi. Riwaya moja niliyonunua mpya mjini imeshadondosha kurasa zake za katikati, na sasa naisoma nikiwa nimeibana kwa kibanio cha nguo.