Hanga za kushikana kwa sisi tunaotembeza nguo, nimezibebea miezi mitatu

Naanza na vidole maana huko ndo kilio kilipoanzia. Mimi nauza magauni ya ofisini, mtumba mzuri wa kuchagua, nayatembeza maofisini hapa Dar, kule Posta na Upanga kidogo, na miaka minne yote nimekuwa nikibebea hanga za kawaida zile za plastiki za dazeni elfu 5. Sasa shika kulabu kumi na mbili kwa mkono mmoja kutoka Kimara Mwisho mpaka unashuka mjini, kidole cha shahada na cha kati vinabaki na mstari mwekundu kama ulikuwa umefungwa kamba, na mkono wa pili una pochi na simu, na hapo hanga zenyewe hazitulii, hii imegeukia huku ile imegeukia kule, kulabu ya hii imeingia begani kwa ile, ukifika kwa mteja dakika tano za kwanza ni kuzitenganisha huku unachekacheka ili asione unavyohangaika.

Najua kuna mtu atasema si ungeweka kwenye shangazi kaja. Niliweka, mwaka wa kwanza wote. Gauni likikaa saa moja na nusu ndani ya lile begi linatoka kama limetafunwa na ng'ombe, na mdada wa ofisini hanunui kitu kilichokunjamana, anataka alione linaning'inia, alishike kitambaa, ajipime juu juu chooni, arudi kitini kabla bosi hajatoka kwenye kikao. Kwa hiyo kwangu hanga ni lazima, sio urembo. Nilijaribu pia kufunga kulabu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kutembea inasaidia, ila mteja akitaka la katikati unafungua mpira wote halafu mzigo unakumwagikia miguuni.

Kilichonimaliza ni asubuhi moja ya mvua nashuka kwenye basi la mwendokasi, unajua watu wanavyosukumana pale mlangoni, hanga tatu zikanasa kwenye mkoba wa mtu, yeye anaenda kulia mimi kushoto, nikasikia tu mzigo umekuwa mwepesi. Gauni la krimu lenye bitana kamili, nlikuwa nishamuahidi mtu kwa elfu 35, liko chini na kiatu kiko juu yake. Nililifua mara tatu. Alama ya soli ilififia lakini haikutoka, nikaja kumpa jirani kwa elfu 8 akalifanya la kushindia nyumbani, na kila nikimuona analifagilia uwanja roho inaniuma.

Wiki hiyo hiyo nikaingia Kariakoo, vile vichochoro vya karibu na mtaa wa Kongo wanakouza vifaa vya madukani, masanamu, stendi, vioo. Kuna kijana alikuwa na hanga nyeusi kazipanga mezani, akaniona nimebeba mzigo wangu akasema sista weka chini nikuonyeshe kitu. Akachukua kama nane zimeshikana, akaishika ya mwisho tu, akazipunga hewani kama bendera, hakuna iliyoachia. Akaanza na elfu 30 dazeni. Nikamwambia mdogo wangu hizi ni hanga au masufuria? Tukavutana weee mpaka 22, na akakataa kabisa kunishushia hata mia tano ya maji.

Zinavyofanya kazi sasa, maana watu wengi wananiuliza wakiziona. Juu ni hanga kama hanga nyingine, mabega mapana, kulabu, na vile vikato viwili vya kuzuia kamba za gauni. Tofauti iko shingoni, chini tu ya kulabu. Pale shingo imenenepeshwa kama upana wa kidole, na upande wa mbele kuna kijiulimi kimetokeza, upande wa nyuma kuna kijifereji. Unachukua hanga ya pili unaiteremshia kwa juu, ulimi unaingia kwenye mfereji unashuka, ukifika chini unasikia ta! imeshika. Ya tatu hivyo hivyo. Ukitaka kuitoa unaisukuma juu kwa nguvu kidogo, inaachia. Hakuna springi, hakuna skrubu, hakuna chuma. Na kwa vile ulimi uko mbele tu, hanga ikigeuka nyuma mbele haitaingia, kwa hiyo ukishayavalisha magauni sawasawa, yote yanaangalia upande mmoja. Hilo peke yake limenifanya nionekane nina duka.

Uzito haujapungua, tuelewane. Nilipeleka gauni zangu 12 na hanga zake kwa muuza nyama wa mtaani anipimie kwenye mzani wake, ikaja kilo tano na robo, akanicheka sana akaniuliza kilo nauza bei gani. Kilo tano ni kilo tano. Kinachobadilika ni zinavyokaa mkononi. Kila shingo ina unene wa kama sentimita moja na kitu, zikishikana kumi kulabu zinajipanga mstari mmoja kama mshikio wa ndoo, mkono mzima unashika, sio vidole viwili. Naweza pia kupitisha mkono nikazitundika kwenye kiwiko nikatoa simu nikalipa nauli. Na kwenye basi natundika kwenye bomba kwa kulabu mbili tatu za katikati tu, zilizobaki zinaning'inia kwa wenzao. Mara ya kwanza nlikuwa nazikodolea macho njia nzima kuanzia Kimara, nikifika Magomeni nimechoka kwa wasiwasi. Hazikuanguka. Siku hizi nasinzia.

Faida nyingine sikuitegemea. Nlikuwa naibiwa. Sio sana, gauni moja moja kwenye msongamano, mtu anapita anavuta moja la mwisho unakuja kugundua umeshafika. Sasa hivi anayevuta la mwisho anavuta na wenzake walioshikana nalo na mimi mwenyewe juu yake. Kuna mmoja alijaribu kwenye foleni ya kuingia kituoni, nikageuka, akajifanya anasifia. "Dada gauni kali." Nikamwambia elfu 30 baba, nikufungie? Akapotea.

Haya, sasa matatizo, maana yapo na mengine yule kijana hakuniambia, na mimi sikuuliza.

La kwanza na ndo kubwa. Siku ya kwanza kabisa naenda nazo kwenye ofisi moja ghorofa ya nne, nimezishikanisha zote nimejaa kiburi. Mama mmoja mtu mzima, mkubwa pale ofisini, nikampa shikamoo, akaangalia mzigo akaonyesha la kijani, lile la katikati. Nikaling'ang'ania, halitoki, nasukuma juu nguo zote zinapanda juu pamoja, jasho, wadada wengine wanaangalia. Mwisho nikatumia nguvu, likatoka, na mzigo ukakatika vipande viwili, sita mkononi na tano zikaenda zao sakafuni. Yaani ukifikiria ni kitu cha wazi kabisa, ile ya katikati ndo ilikuwa inashikanisha huku na huku, ukiitoa basi wengine hawana uhusiano tena! Lakini nani anafikiria hivyo dukani. Yule mama alinionea huruma akasema mwanangu tulia, kaa chini, yapange mezani, na akachukua la kijani, nusu pale pale nusu tarehe za mshahara, kwa hiyo siku haikuharibika, ila mwenzenu nlitamani lifti ikatike waya.

Nilichojifunza ni kwamba huzishikanishi kumi na mbili. Unafanya mafungu ya nne nne, kila fungu limeshikana lenyewe kwa lenyewe, mafungu matatu unayabeba pamoja. Ofisini natundika kila fungu mahali pake, mlangoni, kwenye kabati la mafaili, kwenye kiti, mteja akitaka la katikati ni nne tu zinavunjika, unarudishia kwa sekunde tatu. Na kuna ujanja wa kutoa, kidole gumba unabana shingo ya jirani ibaki chini, mkono wa pili unapandisha unayoitaka. Ukipandisha tu bila kubana jirani ndo yanapanda yote kama yalivyonifanyia. Nilikaa sebuleni usiku mzima kama nafanya mazoezi ya gitaa, mume wangu akaniuliza hii nayo ni kazi au ugonjwa.

La pili, ni nyembamba. Ule upana wa kidole ndo nafasi yote ya nguo. Gauni la krepu, la satini, blauzi, sawa kabisa. Bleza lenye sponji mabegani halikai, ukilazimisha hata ulimi haufiki chini, na gauni lenye marinda mengi linabanwa linatoka limelala upande mmoja. Nikiwa na bleza naweka hanga moja tupu katikati kama nafasi, ambayo maana yake unabeba hanga ya bure na umepunguza nguo moja. Anayeuza makoti asijisumbue kabisa, anunue za mbao awe na stendi yake.

Zinateleza pia. Plastiki yake ni laini sana, satini inateleza bega moja inaning'inia kama imelewa. Nimezungushia rababendi kila bega, zile za kufungia hela, imekwisha. Zile za velveti zinashika nguo vizuri kuliko hizi mara kumi, bahati mbaya za velveti nilizoziona mimi hazishikani zenyewe, sijui kwa nini mtu hajaunganisha akili hizo mbili.

Halafu plastiki yenyewe. Chini ya bega geuza uangalie ile pembetatu ndogo yenye namba ndani. Yangu imeandikwa 5, hiyo inapinda kwanza kabla ya kuvunjika, ukiikunja kidogo inarudi. Pale pale Kariakoo kuna nyingine za kung'aa kama kioo, nzuri kwa macho kweli, namba 6, hizo ndo zile ukiangusha kwenye vigae zinakatika ka! kama biskuti, na ulimi ni kitu chembamba, ukikatika una hanga ya kawaida ya bei mbaya. Hata ya namba 5 usiiache juani. Mimi moja niliiacha dirishani na gauni limeanikwa, wiki kadhaa jua la mchana linaipiga, ulimi ukawa mweupe mweupe, siku naishikanisha ukabaki kwenye mfereji wa mwenzake. Gundi ya supa ilishika siku mbili. Kwa hiyo nina kumi na moja na nusu.

Za kutundika kabatini nyumbani hivi hivi, usinunue. Unalipa zaidi ya mara nne kwa kitu ambacho kimekaa tu gizani. Labda ukiwa unahama, hapo sawa, dada wa chumba cha pili aliniazima zote alipohamia Goba, akatoa nguo za kabati kwa mikupuo mitatu akazilaza kwenye kirikuu, kufika akazitundika kama zilivyo. Alirudisha baada ya wiki tatu, lakini alirudisha.

Sasa kilichonitia hasira juzi. Biashara imeenda vizuri kidogo, nikasema niongeze dazeni. Yule kijana sikumkuta, meza yake ina mtu anauza chaja. Nikaenda duka la mtaa wa pili, hanga zile zile, nyeusi ile ile, ulimi na mfereji, elfu 20, nikafurahi nimepunguziwa elfu 2. Nafika nyumbani nashikanisha mpya na ya zamani, haiingii. Ulimi wake mnene kuliko wa zangu labda kwa unene wa ukucha. Zenyewe kwa zenyewe zinashikana vizuri, na zangu zenyewe kwa zenyewe, ila kuchanganya hapana. Nilijaribu kupunguza ulimi kwa kiwembe, nikaupunguza ukazidi, sasa hiyo moja inaingia kote kote na haishiki popote. Niliporudi dukani wakaniambia mali ikishatoka hairudi, na kibandiko kiko ukutani nilikuwa sijakisoma.

Kwa hiyo saa hii nina familia mbili za hanga haziongei. Nimezifunga utepe, za zamani mwekundu za mpya kijani, na asubuhi nikipanga mzigo saa kumi na moja umeme umekatika napapasa utepe gizani nakosea tu. Nimeshaweka hanga moja ya zamani kwenye pochi, kulabu imechungulia nje, kila nikipita Kariakoo naitoa najaribishia meza hadi meza. Wameshanizoea. Jana mmoja aliniona kwa mbali akapiga kelele, mama hanga, mzigo bado haujashuka, rudi mwisho wa mwezi.