Mafunjo ya Kigiriki ya Chuo Kikuu cha Michigan: uzoefu wangu

Mkusanyo huu wa maandishi ya kale yaliyoandikwa juu ya mafunjo, wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Michigan, kule Ann Arbor, Marekani, niliufungua mtandaoni kwa sababu ya Mtume Paulo. Wanazo karatasi 30 za kitabu kinachojulikana kama P46, cha mnamo mwaka 200, mojawapo ya nakala kongwe kabisa za nyaraka zake. Nyingine 56 ziko Dublin. Ukivuta picha karibu unaona hadi nyuzi za mmea, na herufi zimefuatana bila nafasi kati ya neno na neno. Waebrania wamepangwa mara tu baada ya Warumi. Aliyekariri mpangilio wa Biblia tangu shule ya Jumapili atashtuka kidogo.

Ila kilichonikesha si Paulo. Ni barua za watu wa Karanis, kijiji cha wakulima huko Fayum, Misri, ambacho chuo hicho kilikichimba kati ya 1924 na 1935. Mchanga mkavu ndio uliozitunza. Mmea ni uleule wa mafunjo unaoota kandokando ya Ziwa Victoria, lakini kwa unyevu wa kwetu isingebaki hata herufi.

Mtafute Apollinarius, kuruta wa jeshi la Roma wa karne ya 2. Akiwa safarini anamwandikia mama yake, Taesis, kwa kuwa amekutana na mtu anayeelekea kwao na hakutaka kumwacha apite mikono mitupu. Barua ya pili inatoka Roma: amefika salama, amepangiwa Misenum, kituo cha jeshi la majini huko Italia, kikosi chake bado hajakijua. Mama asimhofie, amefika mahali pazuri. Yeye ajitunze tu, na aandike habari za ndugu zake. Mzazi mwenye kijana depo hahitaji kufafanuliwa hiyo.

Daftari za kodi za kijiji hichohicho nazo zimo. Majina na malipo, majina na malipo. Nilizipita haraka, ingawa mwanahistoria angezing'ang'ania.

Gharama hakuna, isipokuwa bando, maana picha ni nzito. Kompyuta na Wi-Fi vitakufaa kuliko simu. Unapotafuta, andika kwa Kiingereza. Kama Kigiriki hukijui, anza na maandishi yaliyokwisha kuchapishwa, yenye alama ya P.Mich., kwa sababu hayo ndiyo rahisi kuyapatia tafsiri. Barua za Apollinarius ni P.Mich. VIII 490 na 491.