Uwanja wa mbio za magari: udongo au lami?

Wenye viwanja vidogo vya mbio huko Marekani, vile vinavyolea madereva wa NASCAR (mashindano makubwa ya mbio za magari ya huko), hawaachi kubishana.

Kwa gharama ya kuanzia, udongo unashinda waziwazi. Lakini udongo haukupi usingizi: kila siku ya mbio umwagilie, upitishe greda, ushindilie. Ukikauka, vumbi linaingia hadi kwenye chipsi za watazamaji. Mvua ikinyesha sana mchana, mapato ya jioni yamekwenda. Lami hukaushwa, mbio zikaendelea.

Ila lami ikichoka, ni mzigo. Uwanja wa North Wilkesboro, huko North Carolina, ulitumia lami ya 1981 mpaka ikabidi iwekwe mpya 2024.

Una greda na udongo mzuri wa mfinyanzi karibu? Baki na udongo. Mvua haikatiki kwenu na benki inakuamini? Weka lami.