TAHADHARI: Vikuku vya "marehemu bibi" vyenye kovu la mwezi mchanga

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Wenzangu mnaokusanya vito vya kale, hasa fedha ya Lamu, Mombasa, Unguja na ile ya Oman, someni hii kabla hamjamtumia mtu arbuni. Kuna muuzaji anazungusha jozi ya vikuku vya miguu vya fedha, vizito, vya duara lisilofungwa, ncha zake zimetiwa nakshi ya majani. Anasema ni vya marehemu bibi yake. Mimi nimeliwa shilingi 46,000 za Kenya, na si mimi peke yangu.

Jina silitaji. Anayo mengi, na shauri liko polisi. Ninachowapa ni mbinu yake na alama za mali yenyewe, maana laini ya simu mtu huitupa kwa siku moja, lakini kalibu ya kusubia vikuku, yaani umbo la kumiminia madini yaliyoyeyushwa, haitupwi ovyo.

Nianze na kilichonipofusha: vikuku alivyonionyesha mara ya kwanza vilikuwa vya kweli. Hapo ndipo ufundi wake ulipo. Tulikutana Mji wa Kale hapa Mombasa, mchana, si mbali na Ndia Kuu. Kijana mstaarabu, kanzu safi, anaongea taratibu. Mimi si mgeni wa mambo haya, nimeanza kununua fedha kuukuu tangu niliporithi kipini na jozi ya vipuli vya nyanya yangu, kwa hiyo nikasema twende kwa sonara, tena wangu, si wake. Hakusita hata kidogo. Mzee akakwaruza kwenye lile jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali, akatazama, akapima. Gramu 168 kila kimoja. Akasema, "Hii fedha, mwanangu, na ni kazi ya mkono." Nikaandika uzito nyuma ya risiti ya duka la dawa iliyokuwa mkobani. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuja kuniokoa baadaye, ingawa niliisahau kwa wiki tatu nzima.

Bei tukakubaliana. Nikafungua simu nilipe. Akanishika mkono: "Dada, subiri. Urithi huu si wangu peke yangu, kuna shangazi zangu wawili, lazima waridhie. Nipe arbuni tu, nikawaonyeshe." Tazama hapo! Mwizi gani anakuzuia usimlipe? Nikamwona mtu mwenye dini. Nikampa 10,000 kwa M-Pesa, akaondoka na vikuku vyake. Kesho yake baada ya Magharibi akapiga simu kuwa shangazi wameridhia ila mmoja ni mgonjwa, yeye yuko naye hospitali, anamtuma kijana wa bodaboda. Vikuku vikaja vimefungwa ndani ya kipande cha kanga kilichochakaa, kimeshonwa kwa uzi pande zote. Kupata kukifumua ni kazi, na bodaboda yuko mlangoni anahema, anataka kuondoka. Nikatuma salio, kisha ndipo nikafumua.

Nilivipenda. Nisiwafiche, nililala navyo mezani karibu na kitanda. Kwenye ncha ya kimoja palikuwa na kovu dogo lililopinda kama mwezi mchanga, kama pamegongwa na kitu chenye makali. Nikajiambia labda ni siku ya harusi, labda ngazi ya jiwe, nikatunga hadithi nzima kichwani mwangu. Kumbe kovu lile lile lilikuwa kwenye kikuku cha pili pia, mahali pale pale, na mimi nililiona na akili ikapita juu yake.

Wiki tatu baadaye rafiki yangu wa Tanga ananitumia picha ya vikuku alivyonunua, furaha tele. Nikakuza picha. Mwezi mchanga. Vyote viwili.

Hapo ndipo nilipoitafuta ile risiti. Nikaazima mzani kwa jirani anayeuza viungo, ule mdogo unaosoma mpaka sehemu ya kumi ya gramu. Kikuku kimoja gramu 139, cha pili 139. Kwa sonara vilipimwa 168. Fedha haiyeyuki kama barafu, gramu 29 zimekwenda wapi?

Sasa jambo ambalo kila mmoja wenu anaweza kulifanya jikoni, na ningelifanya usiku ule ule nisingekuwa naandika haya. Weka glasi ya maji juu ya mzani, urudishe mzani kwenye sifuri. Kifunge kito kwa uzi mwembamba, kining'inize ndani ya maji kizame chote bila kugusa chini wala ubavu wa glasi. Namba utakayoisoma ndiyo uzito wa maji kilichoyasukuma. Gawanya uzito wa kito kikavu kwa namba hiyo. Fedha ya 925 (sehemu 925 za fedha katika 1,000) hutoa kama 10.3, na ile ya riale, sarafu za fedha za zamani, kama 10.2. Changu kilisoma 16.0. Gawanya 139 kwa 16, unapata 8.7 kasoro kidogo. Huenda huo ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ile wanayoiita fedha ya Kijerumani, ambayo ndani yake hamna fedha hata chembe. Kingekuwa fedha, mzani ungesoma 13 na kitu. (Kipimo hiki kinafaa kito kilichojaa tu. Furungu (kikuku cha mguu) lenye njuga au hirizi iliyo tupu ndani itakudanganya, kwa sababu ya hewa.)

Nikavipeleka kwa mzee. Shikamoo, marahaba, akavishika, hata miwani hajavaa akasema, "Hivi si vile. Hivi vimesubiwa, havikufuliwa." Akanionyesha. Ndani ya mifereji ya nakshi mna vishimo vidogo kama vya ncha ya sindano, ni povu la hewa lililobaki madini yalipomiminwa. Kingo za majani ni butu, kama sabuni iliyotumika, ilhali patasi ya mfua fedha huacha ukingo mkali hata ukichakaa. Ubavuni pana mstari mwembamba uliopigwa tupa, ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Na umbo lenyewe limepungua kidogo kuliko kikuku cha kweli kilichotolewa kalibu, kwani madini yakipoa hujikunyata. Kisha akachukua pamba na spiriti, akafuta. Weusi ule wa "miaka mia" ukabaki kwenye pamba. Weusi wa fedha ya kweli ni wa salfa, hautoki kwa spiriti. Huu ulikuwa masizi na dawa ya viatu.

Nikamuuliza, mbona juu panang'aa kifedha? Akasema vimechovywa, yaani vimepakwa fedha nyembamba juu tu. Tindikali juu juu ingesema fedha. Kwa hiyo mkienda kwa sonara, mwambieni apige tupa kidogo upande wa ndani, pasipoonekana, ndipo adondoshe. Muuzaji mkweli hatakataa, na akikataa kwa kusema unaharibu kumbukumbu ya bibi, basi jibu umeshalipata.

Angalieni pia mahali kito kilipochakaa. Kikuku kilichovaliwa kwa jozi hulika pale vinapogongana. Pete hulika ndani na upande wa kiganjani. Bawaba ya bangili hulegea, tundu la pini likawa yai badala ya duara. Cha mtu huyu kimechakaa sawasawa kila mahali, hata sehemu ambazo mguu haufiki. Na vitu viwili vya kufuliwa kwa mkono havishirikiani kovu. Aliyevivaa miguu yote miwili hakujigonga mara mbili kwa kipimo kimoja.

Hadithi zake sasa. Mimi niliambiwa bibi wa Lamu. Rafiki yangu wa Tanga aliambiwa vilitoka jumba la Sultani, Unguja, usiku wa Mapinduzi ya 1964, vimefichwa ndani ya gunia la karafuu. Kaka mmoja wa Dar es Salaam, ambaye amenitafuta baada ya kusikia, aliambiwa vimeletwa na mjomba kutoka Nizwa, Oman. Vikuku hivyo hivyo, mwezi mchanga ule ule. Kwa kweli vimesafiri kuliko sisi wote.

Ana kitu cha pili, kidani chenye riale ya Sham katikati. Anasema, "Tazama mwenyewe, imeandikwa 1780." Ndiyo, imeandikwa 1780, na zote zimeandikwa hivyo. Huo ndio mwaka aliofariki Maria Theresa wa Austria, na sarafu hiyo imeendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo mpaka zama zetu, Vienna, na kwa nyakati mbalimbali Roma, London, Bombay na kwingineko. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikataa sarafu yenye sura nyingine, ndiyo maana haikubadilishwa. Kwa hiyo mwaka huo haukwambii umri wa kidani. Uzito ndio wa kuangalia: gramu 28 na kidogo, fedha sehemu 833 katika 1,000, na ubavuni mwake pana maandishi ya Kilatini yaliyoinuka. Riale aliyomuuzia kaka wa Dar ina ubavu mtupu na gramu 22. Kama imetobolewa au kulehemiwa kikonyo uzito utatofautiana kidogo, lakini si gramu sita.

Shanga zake za "kaharabu" (utomvu wa mti uliogeuka kama jiwe kwa umri mrefu) nitazipitia haraka. Dondoshea tone la ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, mahali pa siri. Ikinata kidoleni, ni sandarusi, utomvu wa mti ambao haujakomaa kama kaharabu. Sandarusi ya pwani hii ilipakiwa majahazini karne ya 19, ikaishia Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Ni nzuri, naipenda, ila haiuzwi kwa bei ya kaharabu.

Sitaki mseme nawachafulia wafanyabiashara wa Mji wa Kale, au wa Mji Mkongwe kule Unguja. Kuna ambao nimenunua kwao miaka kumi, nao huniambia bila kuulizwa, "Hii mpya, mtindo tu ndio wa zamani." Kitu kipya kilichofuliwa vizuri nakinunua na kukivaa harusini bila haya. Kinachoniuma ni kulipishwa umri ambao kito hakina.

Mliokwisha kununua: msivisugue, msivirudishe kwake hata akiahidi kubadilisha (rafiki yangu alirudisha, akapoteza vyote viwili, pesa na ushahidi). Pigeni picha ncha zote mbili karibu, na kikuku kikiwa juu ya mzani, na ujumbe wa malipo. Nilipiga ripoti kituoni nikapewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), atakayeitaka aniombe faragha ili mashauri yaende pamoja. Kwa aliyeko Tanzania, pelekeni kituo cha kwenu na mnitumie namba ya jalada.

Na mnaotarajia kununua, iwe kwake au kwa mwingine: kito kikishapimwa, kisitoke mbele ya macho yako mpaka kimelipiwa. Akitaka kuwashauri shangazi zake, akawashauri kwanza, kisha mrudi kwa sonara upya, mzani upya, tindikali upya.

Mpaka leo jioni tumehesabu vikuku tisa vyenye mwezi mchanga. Tisa, kwa sababu kuna dada wa Malindi aliyeuziwa kimoja, akaambiwa kikuku cha pili bibi alizikwa nacho. Jumatatu amepandisha video mpya kwa jina jipya. Nimeitazama mara nne. Kovu liko kwenye ncha ya kikuku kimoja tu, cha pili ni safi. Vile vya gramu 168 bado anavyo.