Stroud au Anderson: nani ametufaa zaidi Texans?

Kwenye drafti ya 2023 ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ambapo timu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, Houston Texans tulichukua vijana wawili mfululizo: C.J. Stroud, mrusha mpira, namba 2, Will Anderson Jr. namba 3. Kwangu Stroud yuko mbele. Mechi ile na Tampa Bay, zikiwa zimebaki sekunde 46 na tuko nyuma, aliivusha timu yadi 75 na kumpa mwenzake Tank Dell pasi ya ushindi, 39-37. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka! Anderson, mlinzi, aliwaangusha warusha mpira wa wapinzani mara 7 msimu huo. Ila alikuwa ghali: ili kupata namba 3 hiyo kutoka timu ya Arizona, tuliwapa hata nafasi yetu ya kuchagua ya raundi ya kwanza ya 2024. Bei hiyo ningeilipa tena, maana wote wawili walitwaa tuzo za chipukizi bora, Stroud ya mashambulizi, Anderson ya ulinzi.